Kabla Kengele ya Septemba: Kuandaa Darasa la Watoto Wenye Ulemavu Mjini Bukavu

Waheshimiwa wainspekta, wakurugenzi wa shule, walimu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, mama na papa wazazi mlioacha kazi zenu ili muwe nasi, karibuni sana.

Masomo yanafunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Mwalimu wa darasa la kawaida anautumia mwezi wa Agosti kupanga programu, kupaka ubao rangi na kuandika majina kwenye rejista. Ninyi mnaopokea watoto wenye ulemavu kazi yenu inaanzia kwingine. Inaanza kwa kutafuta nini hasa kinamzuia mtoto huyu, mwenye jina lake, asijifunze, na kukiondoa kabla hajaingia darasani. Programu inafuata nyuma. Mwalimu anayeanza na programu anafika Novemba bado anajiuliza kwa nini mtoto haandiki. Kumbe miguu yake haigusi sakafu, mwili wote unahangaika usianguke, na mkono haubaki na nguvu ya kushika kreyo.

Kuhusu sheria nitapita haraka, maana wengi mnazijua. Katiba ya nchi yetu ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali, na kifungu cha 49 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalum za ulinzi. Kisha kuna sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wanaoishi na ulemavu. Andikeni namba hizo kwenye kaye zenu. Siku utakapomwomba direkta chumba cha chini badala ya kile cha juu ya ngazi, uwe nazo mkononi.

Sasa tuingie kazini. Wiki mbili au tatu kabla ya kufungua, mwalimu aende nyumbani kwa kila mtoto mpya. Najua milima ya Kadutu na najua Agosti ina vumbi, lakini nusu saa katika uwanja wa nyumba inaokoa mwezi mzima wa kubahatisha. Ukifika, usimuulize mama, "Mtoto wako ana ulemavu gani?" Wengi watajibu hana kitu. Wengine ni kwa aibu, wengine ni kwa sababu nyumbani wamekwisha kumzoea na hawaoni tena tofauti. Uliza kama linavyouliza Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu, ambalo maswali yake yanatumika leo katika nchi nyingi: mtoto ana ugumu wa kuona, hata akivaa miwani? Ana ugumu wa kusikia? Wa kutembea au kupanda ngazi? Wa kukumbuka au kutulia kwenye jambo moja? Wa kujiosha na kuvaa? Wa kuelewa wengine au kueleweka nao? Kila swali lina majibu manne: hapana, ndiyo kidogo, ndiyo sana, hawezi kabisa. Ukipata "ndiyo sana" au "hawezi kabisa" mahali popote, hapo ndipo utakapoanza kupanga. Na uulize kwa lugha ya nyumba. Kama bibi anaongea Mashi, tafuta atakayekutafsiria, kwa sababu mara nyingi bibi ndiye anayeshinda na mtoto, na bibi ndiye mwenye majibu.

Baada ya hayo maswali sita kuna habari nyingine ambazo hakuna fomu ya ofisi inayoziuliza, nazo ndizo zitakazoamua siku yako ya kwanza. Mtoto anaonyeshaje kwamba anataka kitu? Anakataaje? Anajua kusema mapema kwamba anataka choo, au anasema baada ya kujichafua? Anakula nini, na kwa namna gani? Anakunywa dawa zipi, saa ngapi? Anaogopa nini? Andika majibu kama ulivyoyaona, kwa maneno mafupi: "Akivuta kola ya shati lake, anataka choo." "Akianza kuimba peke yake kwa sauti ndogo, amechoka, mpe dakika tano." Mwalimu asiyejua habari ya kola ataona mtoto anayevuta nguo, atamkataza, na baada ya dakika mbili kutakuwa na kilio na suruali iliyolowa. Watoto wengine watasema huyo ni mkorofi, na jina hilo litamfuata mwaka mzima.

Swali la anachoogopa msiliruke katika mji huu. Wapo watoto waliosikia risasi na mabomu kwa karibu. Mlango unaobamizwa, dawati linaloanguka, tairi la gari linalopasuka barabarani, vinaweza kumpeleka mtoto chini ya meza. Funga kipande cha mpira wa ndani wa tairi kwenye mlango usibamize, na ukubaliane na mlinzi kwamba kengele ya shule haipigwi dirishani kwa darasa lako. Mambo madogo kama haya hayana gharama, na yanampa mtoto asubuhi nzima ya utulivu.

Mkishatoka nyumbani kwa watu, fanyeni vipimo viwili vya kwanza shuleni. Havichukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kuonyesha nani apelekwe kwa daktari.

Cha kwanza ni macho. Chukua karatasi nyeupe ngumu, uchore juu yake herufi E nyeusi yenye urefu wa milimita 26 na upana huohuo, kila mstari wake uwe na unene wa milimita 5. Simama mita 6 mbali na mtoto, mahali penye mwanga mzuri kwenye kivuli, jua lisimpige usoni. Geuza E juu, chini, kulia, kushoto, na mtoto aonyeshe kwa mkono wake miguu ya E inaelekea wapi. Asiyejua kusoma anaweza, hata asiyesema anaweza. Mara tano kwa kila jicho, huku jicho jingine limefunikwa kwa kiganja bila kulibana. Akipata chini ya mara nne, apelekwe kwa wataalamu wa macho. Kama chumba hakina mita 6, simama mita 3 na uchore E ya milimita 13. Kosa linaloonekana sana hapa ni mwalimu kuzungusha karatasi mbele ya macho ya mtoto, ambaye anafuata tu mwendo wa mkono. Ifiche nyuma yako, igeuze, kisha itoe.

Cha pili ni masikio. Simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja, kama sentimita 60. Funika sikio moja kwa kidole ukilisugua polepole. Pumua nje, kisha nong'ona namba tatu anazozijua, naye azirudie. Akikosea, mpe namba nyingine tatu. Akirudia chini ya tatu kati ya zote sita, andika jina lake kwenye orodha ya kwenda kupimwa. Unasimama nyuma kwa sababu mbele atasoma midomo yako, na watoto wasiosikia vizuri wanaijua kazi hiyo kuliko tunavyodhani.

Angalia pia ndani ya sikio kwa macho tu. Sikio linalotoa usaha ni ugonjwa, na ugonjwa huo ukiachwa unaharibu usikivu. Usiruhusu mafuta wala maji ya majani kumiminwa ndani. Kitambaa safi cha pamba kinasokotwa kama utambi, kinawekwa, kinatolewa kikilowa, kinawekwa kingine mpaka sikio likauke, na mtoto anakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Walimu wengi wanaandika "mtoto mzito wa kuelewa" kwenye rejista juu ya mtoto ambaye masikio yake yamejaa usaha tangu Pasaka. Hilo linanisikitisha kuliko mambo mengi ya kazi hii, kwa sababu dawa yake ipo.

Habari zote hizi ziingie kwenye ukurasa mmoja kwa kila mtoto. Ukurasa mmoja, nasisitiza. Faili la kurasa kumi na tano linafungiwa kabatini, na mwalimu mwingine anayekuja siku unapougua hatalisoma. Juu kabisa ya ukurasa weka yale ya hatari: kifafa, dawa, chakula kinachomkaba, namba ya simu ya mtu anayepatikana kweli, si yule mwenye simu isiyo na umeme kila siku.

Tuje kwenye chumba, na hapa nitakaa kidogo, maana Bukavu ni mji wa milima na mvua, na mvua zinarudi Septemba ileile tunayofungua.

Mlango kwanza. Kiti cha magurudumu kinataka mlango wa sentimita 80 hadi 90. Njia ya mteremko ya kuingilia inafuata kipimo cha 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji njia ya mita 1 na sentimita 80. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo ni mita 5 na sentimita 40. Mafundi wengi watakuambia mita 2 zinatosha. Kwa kimo hicho zinatengeneza mteremko ambao mtoto hawezi kuupanda kwa mikono yake, na wakati wa kushuka kiti kinamkimbiza. Kama uwanja hauna nafasi hiyo, usijenge kitu kibaya. Badilisha darasa, wakubwa waende juu na ninyi mshuke. Njia iwe na upana wa mita 1 na sentimita 20, kingo za sentimita 5 au zaidi pande zote mbili ili gurudumu lisitoke nje, na sehemu tambarare mbele ya mlango ya kama mita 1 na nusu, kwa sababu mtoto anahitaji kusimama akiwa anafungua. Kabla simenti haijakauka, fundi aipitishie ufagio mgumu kwa kukatisha njia. Simenti laini na matope ya Oktoba havipatani.

Mabati. Mvua ikishuka juu ya paa la mabati lisilo na dari, hakuna anayesikia mwalimu, sembuse mtoto mwenye usikivu mdogo, na mtoto mwenye usonji anaweza kuziba masikio na kupiga kelele kwa sababu sauti ile inamuumiza kweli. Msifundishe somo la kusikiliza wakati huo. Wekeni tayari sanduku moja la "saa ya mvua": kazi za kupanga vizibo kwa rangi, picha za kulinganisha, kuandika juu ya nukta, shanga za kutunga. Mvua ikianza unaonyesha picha ya sanduku na kila mmoja anachukua kazi yake. Ikipita, unarudi kwenye somo. Darasa lenye sanduku hilo linapoteza dakika chache, na lisilo nalo linapoteza asubuhi.

Mwanga. Mwalimu asisimame mbele ya dirisha, kwani uso wake unakuwa giza na mtoto anayesoma midomo hapati kitu. Asiseme akiwa ameupa ubao uso. Mtoto asiyesikia vizuri akae mbele, si zaidi ya mita 2 kutoka kwako, kidogo pembeni ili awaone na wenzake wanapojibu. Mtoto mwenye ualbino aupe dirisha mgongo na aruhusiwe kuvaa kofia darasani. Aruhusiwe pia kusogeza kaye mpaka karibu na pua, haiharibu macho. Na maandishi makubwa hayamfai kila mtoto mwenye uoni hafifu. Yule anayeona katikati tu, kingo zote zikiwa giza, herufi kubwa sana zinatoka nje ya sehemu anayoiona. Jaribu ukubwa wa aina tatu, uchague ule anaosoma bila kusita.

Kiti. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo akae nyayo zote ziguse sakafu au ubao, magoti na nyonga vikunjwe kama kona ya mraba, mgongo uegemee nyuma. Kimo cha kiti unakipata kwa kupima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Kama dawati ni refu, weka sanduku la mbao chini ya miguu, na lipigiliwe lisisogee. Kingo za meza zikatwe nusu duara ili kifua kiingie na viwiko viegemee. Karatasi ibandikwe kwa skochi pembe mbili. Kreyo izungushiwe kipande cha mpira wa pikipiki mpaka inenepe kiasi cha kidole gumba. Badilisha mkao wake kila nusu saa. Na mtoto asiye na hisia miguuni, kama mwenye mgongo wazi, ainuliwe au ajiinue kwa mikono kila robo saa, la sivyo ngozi inaoza bila yeye kusikia maumivu. Kwa viti, vifaa vya miguu na mazoezi, kituo cha Heri Kwetu hapa mjini kina watu wa kazi hiyo. Waulizeni kabla ya kumwagiza fundi mbao.

Chakula kinaingia hapahapa, kwa sababu kukosea kunaweza kuua. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo halishwi akiwa amelala wala kichwa kikiwa kimetupwa nyuma. Akae wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, ungoje ameze kabla ya kingine. Akimaliza abaki wima nusu saa. Kikohozi wakati wa kula, sauti yenye majimaji baada ya kunywa, homa za kifua zinazorudi, zote ni dalili kwamba chakula kinaingia njia ya hewa. Mwambie mama ampeleke kwa daktari.

Vifaa havitaki pesa nyingi kama watu wanavyoogopa. Kwa mtoto asiyeona, kata treyi ya mayai ibaki na mashimo sita, mawili kwa upana na matatu kwa urefu. Hiyo ndiyo seli ya nukta nundu, maandishi aliyoyatunga Louis Braille na kuyachapisha mwaka 1829. Kokoto moja kwenye shimo la juu kushoto ni a. Ongeza chini yake, ni b. Vidole vikishika seli hiyo kubwa, ndipo unahamia kwenye kibao na kijiti chake chenye ncha. Hapo kuna mtego. Kwenye kibao tunatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume, kisha tunageuza karatasi na kusoma kushoto kwenda kulia. Mtoto anayeanza kuandika kabla hajajua kusoma anachanganya pande kwa miezi. Asome kwanza. Karatasi iwe nzito, za kalenda za zamani zinafaa. Karatasi ya kaye inachanika na nukta zake zinabonyea baada ya kupitishwa vidole mara chache.

Kwa viziwi, ishara nyingi zinazotumika katika shule za eneo letu la Afrika zilitoka kwenye kazi ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, aliyefungua shule yake ya kwanza Accra mwaka 1957. Lakini mtoto anayetoka moja kwa moja nyumbani hana ishara hizo. Ana zile za familia, alizotunga na dada zake. Zijifunze siku ile ya kumtembelea, zitumie wiki za kwanza, ukiziweka kando ya ishara za shule mpaka ahame mwenyewe. Na darasa zima lijifunze ishara za kwanza: choo, maji, ninaumwa, subiri, rudia, sijaelewa. Mtoto aliye peke yake na ishara zake hana wa kuzungumza naye saa ya mapumziko, na huko ndiko lugha inakokua.

Sasa malengo. Hapa ndipo nimeona kazi nzuri ikiharibika kwenye karatasi. Lengo la "kujua hesabu" halimsaidii mtu. Lengo linasema mtoto atafanya nini, kwa msaada gani, mara ngapi kati ya ngapi, mpaka lini. Kwa mfano: "Kufikia mwisho wa Oktoba, akiombwa kwa neno peke yake, atatoa vizibo 1 hadi 5, mara 4 kati ya 5, siku tatu mfululizo." Siku tatu mfululizo, kwa sababu siku moja nzuri inaweza kuwa bahati. Kabla ya kuandika, hesabu anachoweza sasa kwa siku tatu bila kumfundisha. Usipofanya hivyo, utampangia jambo analolijua tayari, au lile lililo mbali mno, na Desemba mzazi atapokea ripoti isiyo na ukweli. Malengo matatu kwa trimesta ya kwanza yanatosha: moja la kuwasiliana, moja la kujitegemea, moja la masomo. Wenzetu wanaoandika kumi na mbili hawafuati hata moja.

Lengo la kujitegemea livunjwe hatua kwa hatua. Kunawa mikono ni hatua kumi: kusogea kwenye ndoo, kufungua robine, kulowanisha, kufunga, kupaka sabuni, kusugua viganja, kusugua migongo ya mikono na katikati ya vidole, kufungua tena na kusuuza, kufunga, kukausha. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, fundisheni kuanzia mwisho. Mwalimu anaongoza mikono katika hatua tisa, mtoto anafanya ya kumi peke yake na kusifiwa. Akiimudu, unamwachia ya tisa na ya kumi. Faida yake ni kwamba kila zoezi linaisha kwa yeye kufaulu, na hakuna siku anayoondoka akiwa ameshindwa.

Ukitoa agizo, ngoja. Hesabu moyoni mpaka kumi. Watoto wengi wanahitaji sekunde hizo kulichakata neno, na mwalimu mwenye haraka analirudia kwa maneno mengine, mtoto anaanza upya tangu mwanzo, mwalimu anarudia tena. Baada ya kungoja, saidia kidogo: onyesha kwa kidole. Kisha gusa kiwiko. Kisha, ikibidi, shika mkono. Na mara tu anapoweza, punguza msaada, maana mtoto anazoea mkono wa mwalimu upesi kuliko anavyozoea kazi.

Ratiba ya siku ibandikwe kwa picha, kwenye kimo cha macho yake, kadi nne au tano tu mwanzoni. Kazi ikiisha, yeye mwenyewe anatoa kadi na kuitupa kwenye boksi. Kwa asiyeona tumia vitu: kijiko ni chakula, kipande cha sabuni ni kunawa. Vipindi viwe vya dakika 10 hadi 15, kazi ngumu ikifuatiwa na anayoipenda. Na siku ratiba inapobadilika, mvua imezuia uwanja au mgeni anakuja, badilisha kadi mbele yake kabla jambo halijatokea. Ghasia nyingi tunazoziita ukaidi zinaanzia kwenye mabadiliko ambayo mtoto hakuambiwa.

Kifafa. Tafadhali nisikilizeni vizuri hapa, na wazazi pia. Mate ya mwenye kifafa hayaambukizi. Mtoto akianguka, tazama saa. Ondoa viti na mawe, weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kola. Usimshike kwa nguvu, usiweke kijiko wala kidole wala kitu chochote mdomoni, usimpe maji. Mtetemeko ukipungua mlaze ubavu ili mate yatoke. Ukipita dakika 5, au mwingine ukianza kabla hajapata fahamu, ni hospitali mara moja. Asipewe dawa pungufu kwa sababu amekaa mwezi bila kuanguka, maana kukatisha dawa ghafla kunaweza kuleta mtetemeko mkubwa kuliko wa kwanza. Kama mtoto anasinzia mno darasani, au amekuwa hatulii kabisa tangu aanze dawa ya kifafa iitwayo fenobabitali, andika saa na siku, umpe mama apeleke kwa daktari wake. Familia isiyo na mahali pa kutibiwa ielekezwe Sosame, kituo cha magonjwa ya akili hapa mjini. Kuna pia kifafa kisichoangusha: mtoto anakodoa macho sekunde chache, kreyo inasimama, kisha anaendelea bila kujua kilichopita. Anaadhibiwa kwa kutosikiliza. Ukiliona jambo hilo mara kadhaa kwa siku, mpeleke akapimwe.

Wiki ya kwanza msifundishe masomo mapya. Siku mbili za mwanzo watoto wapya waje kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, wachache wachache, wajifunze njia ya choo, mahali pa kutundika mfuko, kadi ya "nimechoka". Chagua wenzi wawili kwa kila mtoto anayehitaji kusindikizwa, wawili wapokezane, kwa sababu mmoja anachoka na kuanza kuamuru. Zungumza na wazazi wa watoto wengine pia. Mama anayemwambia mwanawe asikae na mlemavu anaogopa kitu, na ukimpa nafasi ya kukisema utaweza kumjibu.

Usafiri upangwe kabla ya siku ya kwanza. Motari anayembeba mtoto awe mmoja yuleyule, aonyeshwe namna ya kumshika, ajue kwamba mtoto mwenye misuli iliyolegea hakai nyuma peke yake, na awe na namba ya mwalimu. Mvua ikizuia, motari apige simu kwa mzazi na kwa shule, wote wawili, kabla ya saa ya kutoka.

Wenye watoto wa darasa la sita, msingoje mwisho wa mwaka kumwambia inspekta kwamba mtoto atahitaji muda wa ziada, maandishi makubwa au mtu wa kumwandikia kwenye mtihani wa taifa. Barua iandikwe Oktoba, pamoja na mfano wa kazi zake zilizofanywa kwa namna hiyohiyo, na nakala ibaki kwa direkta.

Karatasi za ukurasa mmoja na zile za E ziko mezani karibu na mlango, kila mmoja achukue kulingana na idadi ya watoto wake. Tutaanza maswali na walimu wenye watoto wasioona, kwa sababu vibao na karatasi nzito vinachukua muda mrefu kufika, na maombi yao yanapaswa kutoka wiki hii. Karibuni mbele.